Je, Mkimbizi Akidanganya Kwenye Mahojiano Ametenda Dhambi?



Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya ibada, watu wakishatawanyika. Mtu amepoteza nyumba, shamba na ndugu. Akisema uongo mbele ya karani ili watoto wake wale, au wapate kusafiri, je, Mungu atamhesabia? Wengine hujibu haraka kwa kutaja amri ya tisa. Wengine hucheka na kusema uongo wa njaa si uongo. Mimi naona wote wawili wamelikimbia swali.

Tuanze na uongo ambao hata Biblia inauheshimu. Wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao ili watoto wachanga wasiuawe, na Kutoka 1 inasema Mungu aliwatendea mema. Hapa Rwanda alikuwepo mama Zura Karuhimbi wa Ruhango, aliyefariki Desemba 2018. Mwaka 1994 alificha katika nyumba yake ndogo watu wanaokadiriwa kuzidi 100. Wauaji walipokuja, aliwatisha kwamba yeye ni mchawi na kwamba mizimu itawapata wakiingia. Mizimu haikuwepo. Alipaka nyumba majani yanayowasha, akatikisa bangili zake, nao wakaogopa. Mwaka 2006 alipewa nishani, na sijamsikia mtu mwenye akili timamu anayemlaumu. Aliyeuliza ukweli pale mlangoni alikuwa na panga mkononi, hakuwa na haki ya kuupata.

Lakini karani wa HCR hana panga. Hapo ndipo wengi tunachanganya mambo, tunajifananisha na mama Zura wakati tunafanana zaidi na Abrahamu. Huyu naye alikimbia njaa (Mwanzo 12). Alipokaribia Misri alisema mkewe ni dada yake. Hofu yake ilikuwa ya kweli, lakini tazama nani alilipa: Sara aliyechukuliwa, na watu wa nyumba ya Farao waliopatwa na mapigo. Abrahamu mwenyewe aliondoka na kondoo na ng'ombe!

Mwaka 2008 jambo hilo lilitokea kwetu Afrika Mashariki. Marekani ilikuwa na mpango wa kuwapeleka wakimbizi wakaungane na jamaa zao waliotangulia. Ilianza kupima DNA ya watu wapatao 500 mjini Nairobi, kisha ikaendelea katika nchi nyingine, Ethiopia na Uganda zikiwemo, hata waliopimwa kwa jumla wakafika kama 3,000. Familia ambazo undugu wote waliodai ulithibitika hazikufika asilimia 20. Mpango ukafungwa, ukafunguliwa tena Oktoba 2012. Miaka minne yote mama aliyesema kweli alimngoja mumewe pamoja na aliyedanganya. (Januari 2025 Marekani ilisimamisha tena kupokea wakimbizi, safari hiyo kwa amri ya rais, wala si kwa sababu ya uongo wetu. Tusijibebeshe kila mzigo.)

Hata hivyo sikubali kwamba wote waliobaki katika hesabu ile ni waongo. Wamo waliokataa kupimwa au wasiotokea. Tena kipimo hakimjui mtoto wa marehemu ndugu yako uliyembeba mgongoni tangu vita. Kwetu Kivu, mtoto wa ndugu yangu ananiita baba. Nikisema "huyu ni mwanangu" sidanganyi. Nikisema "nimemzaa mimi" nadanganya. Katikati ya maneno hayo mawili ndipo familia nyingi hujikwaa, kwa sababu zinaogopa kwamba ukweli utamwacha mtoto nyuma. Mordekai alikuwa uhamishoni kama sisi, akamlea Esta awe binti yake. Biblia haikuona shida kuandika yote mawili, kwamba alikuwa binti yake na kwamba alizaliwa na mjomba wake.

Na msiniambie kwamba wakubwa nao wanaiba. Najua. Mwaka 2018 Uganda ilihesabu upya wakimbizi kwa alama za vidole, na idadi ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Maofisa kadhaa walisimamishwa kazi. Wizi wa mkubwa haujazi sahani ya jirani yako aliye nyuma yako katika mstari.

Sisi tulio hapa Mururu, ambao mto Ruzizi ndio tu unatutenga na Kongo, wengi hatukuvuka na karatasi. Kwa hiyo watu huja kwa mchungaji waandikiwe cheti cha ubatizo chenye tarehe nyingine au baba mwingine. Nakataa. Mama mmoja aliniuliza: "Mchungaji, hiyo amri yako ina watoto wangapi wa kulisha?" Sikuwa na jibu la kumshibisha. Nilimpa unga, cheti sikumpa.

Ninyi mnaolea watoto wa ndugu, mwambieni karani mtoto ni wa nani, wazazi wake walifia au walipotelea wapi, na tangu lini analala kwenu. Kama karatasi haina nafasi, ombeni iandikwe pembeni, na mahojiano yajayo rudieni maneno yale yale. Wazee wa kanisa wanaoijua nyumba yenu wako tayari kushuhudia kwa maandishi kwamba mtoto huyo mnamlea ninyi.