Aliyefika Kaburini wa Kwanza



Vijana wenzangu, leo tarehe 27 Desemba Kanisa linaadhimisha Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, Mtume na Mwinjili. Kama umeshafungua masomo ya leo, huenda umeshangaa kama mimi. Juzi tu tumeimba Noeli, Mtoto bado yuko horini, halafu Injili (Yn 20:2-8) inatupeleka moja kwa moja kaburini, asubuhi ya Pasaka. Na pale kuna mbio. Maria Magdalena anakuja na habari, Petro na yule mwanafunzi mwingine wanatoka mkuku, na yule mwingine, ambaye mapokeo yanatuambia ni Yohane, anamwacha Petro nyuma.

Mwaka jana niliisikia Injili hii nikiwa kanisani, benchi la tatu, nikafurahi. Nilifurahi kwa sababu ya kijinga. Nilikuwa na mbio zangu baada ya siku nne, nikajisemea moyoni: kumbe hata Yohane alikuwa na spidi!

Ngoja niwasimulie kilichotokea.

Mimi naishi Dortmund, Ujerumani, nasomea uuguzi. Tuko watatu tunaokimbia pamoja. Kuna kaka mmoja Mkenya, ambaye Wajerumani wakisikia anatoka Kenya wanamwangalia miguu, na maskini kati yetu yeye ndiye wa mwisho siku zote. "Hawa watu wanadhani mimi ni Kipchoge," anasema, "na nyumbani hata basi nilikuwa silikimbilii." Na kuna dada mmoja wa kwetu Ruvuma, tunasoma naye. Ameniruhusu kuandika haya ila jina lake nisilitaje.

Kukimbia majira ya baridi huku si jambo la kujisifia, ni jambo la kuvumilia. Mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi na nusu jioni limeshazama. Kwa hiyo ukitoka zamu, ni giza. Tulikuwa tunakutana Jumanne na Jumamosi kulizunguka Phoenix-See, ziwa la kuchimbwa na watu, mahali palipokuwa kiwanda cha chuma. Mzunguko mmoja ni kilomita tatu na kidogo. Unavaa nguo tatu nyembamba badala ya koti moja zito, glavu, kofia, na taa ya kichwani. Dakika kumi za kwanza unajuta. Hewa inaingia kifuani kama umemeza wembe, kamasi zinatoka zenyewe, na ukikanyaga barafu usiyoiona unakaa chini kabla hujajua umeanguka. Halafu mwili unapata moto, mnaanza kupiga stori, na mnasahau.

Mwaka jana mwezi wa kumi mama yake yule dada alifariki. Nauli haikupatikana kwa wakati, na mitihani ilikuwa mlangoni. Akafuata mazishi kwenye simu, chumbani kwake. Wakati jeneza linashushwa mtandao ukakatika. Aliponieleza hilo alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma ripoti ya mgonjwa wakati wa kubadilishana zamu, na ndiyo iliyonitisha. Baada ya hapo alikuwa akitoka kazini analala. Kula hali vizuri. Mimi na kaka Mkenya ndio tuliokuwa tunamgongea mlango: "Dada, vaa viatu." Anavaa. Anakimbia bila kusema neno. Hivyo ndivyo tulivyofika Desemba.

Sasa, mkoa huu wana mbio zinazoitwa Silvesterlauf, za kuuaga mwaka. Zipo tangu 1982, zinafanyika tarehe 31 Desemba, kilomita 15 kutoka mji wa Werl hadi Soest, na wanakimbia maelfu ya watu. Yule dada ndiye aliyesema twende. Akatuambia kwa nini. Mama yake alisali Rozari ile ya zamani ya matendo kumi na tano, ya Furaha, ya Uchungu na ya Utukufu. Matendo ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, na mama hakuyazoea. Basi kilomita kumi na tano, matendo kumi na tano, kila kilomita tendo moja. "Sikumsindikiza mama," alisema. "Nataka nimsindikize siku hiyo. Na jeneza halifuatwi na mtu mmoja, mnajua wenyewe. Twende wote, taratibu, dakika saba kwa kilomita."

Tukasema sawa. Mimi pia nilisema sawa.

Werl ni mji wa hija. Kuna basilika yenye sanamu ya kale ya mti, Bikira Maria ameketi na Mtoto mapajani, na Wajerumani wanamwomba kwa jina la Mfariji wa wenye huzuni. Tuliingia kabla ya mbio. Dada akawasha mshumaa, akapiga magoti. Kaka Mkenya, ambaye hupenda kusoma kila kibao anachokiona, akatunong'oneza kwamba sanamu ile zamani ilikuwa Soest, huko huko tulikokuwa tunakwenda. Soest iliingia Uprotestanti, sanamu ikakosa nafasi, na mwaka 1661 ikaletwa Werl. Dada akainua kichwa akasema, "Kwa hiyo naye si mwenyeji hapa." Akarudi kwenye sala yake.

Na mimi? Mimi nilikuwa naangalia saa. Si saa ya kuchelewa, hapana, muda ulikuwepo. Nilikuwa napanga ile saa yangu ya mkononi, maana kwa siri nilikuwa nimejiwekea lengo: kumaliza chini ya saa moja na nusu. Nilijua kabisa lengo hilo na ahadi yangu havikai pamoja.

Tulianza vizuri. Matendo ya Furaha tuliyasali kwa kupokezana, kwa pumzi fupi fupi, kaka akihesabu Salamu Maria kwa vidole ndani ya glavu. Watu wanapiga makofi barabarani, wengine wamevaa kofia za kuchekesha. Tulipomaliza kilomita ya sita tulikuwa na dakika 42. Hapo tulikuwa tumetoka kusali tendo la kwanza la uchungu, Yesu katika bustani anatoka jasho la damu. Miguu yangu ilikuwa myepesi. Nikapiga hesabu: kilomita tisa, dakika 48, inawezekana. Nikasema, "Jamani, nasogea mbele kidogo, tutakutana." Sikusubiri jibu.

Wale waliokaa Gethsemane na Yesu angalau walisinzia kwa huzuni, ndivyo Luka anavyosema. Mimi nilikuwa macho kabisa.

Nilimaliza kwa saa moja, dakika 29 na sekunde 41. Nilipiga picha ya saa. Nikapiga picha yangu mwenyewe pale sokoni Soest, mbio zinapoishia. Kijasho kilipoanza kupoa nikasikia baridi, nikaingia mkahawani, nikaagiza chai, nikakaa kando ya kipasha moto kutuma picha kwenye kundi la familia. Pongezi zikamiminika. Baba mdogo akaandika: "Hongera sana mwanangu, umetuwakilisha."

Kumbe huku nyuma, kwenye kilomita ya kumi, dada aliishiwa. Si miguu. Tendo la kumi ni Yesu anakufa msalabani. Alikaa ukingoni mwa barabara akalia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Kaka Mkenya akakaa naye kwenye majani yenye barafu. Akamvalisha glavu zake juu ya zile alizokuwa nazo. Wakimbiaji wageni walikuwa wanasimama kuuliza kama waite gari la wagonjwa, naye anawajibu kwa Kijerumani chake kibovu kwamba dada anamzika mama yake, na wale watu, eti, wanaelewa, wanapita kimya. Kisha wakainuka wakatembea, na Matendo ya Utukufu wakayasali kwa miguu hadi mwisho. Walitumia zaidi ya saa mbili. Walipovuka mstari mimi nilikuwa ndani, chai ya pili.

Kila kijana Mkatoliki anayekimbia ana mstari wake, 1 Kor 9:24, ule wa wote kupiga mbio na mmoja kupokea tuzo. Paulo alijua anaongea na nani. Jirani na Korintho kulikuwa na michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na taji la mshindi lilikuwa la majani tu, linanyauka. Mimi mstari huo nilikuwa nimeuweka status mwezi mzima. Mistari miwili juu yake, wa 22, Paulo anasema kwamba kwa walio dhaifu alikuwa dhaifu, ili awapate. Huo sikuuweka.

Januari nilikwenda kuungama. Nilieleza kwa maneno mengi, na padre akaniuliza swali moja tu: "Yeye mwenyewe umeshamwambia?" Sikuwa nimemwambia. Tulikuwa tunaendelea kukimbia Jumanne na Jumamosi kama kawaida, tunacheka hata. Ni rahisi zaidi kumwambia Mungu. Ilifika Februari, theluji imeanguka, tuko wawili tu Phoenix-See kwa sababu kaka alikuwa zamu ya usiku, ndipo nikasema, "Dada, siku ile nilikosa. Nisamehe."

Alinyamaza karibu nusu mzunguko. Nikasikia viatu tu kwenye theluji. Halafu akasema, "Kwamba utaondoka nilijua. Ulikuwa unaruka ruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Hilo halikuniuma sana. Lakini nilipofika mwisho nilikutafuta, kaka. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, pale kwenye mstari. Hukuwepo."

Ndiyo maana leo nimeisoma Injili ya Mtakatifu Yohane kwa namna nyingine. Tazameni jamani. Yohane anamwacha Petro njiani, na Injili haimlaumu hata kidogo. Ana miguu ya ujana, akimbie! Isitoshe Petro ana mzigo. Ni siku ya tatu tu tangu amkane Bwana mara tatu, akiwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (na hapo mimi na chai yangu kando ya kipasha moto nafanana na Petro kuliko ninavyofanana na Yohane). Ukirudi Yn 18:16 utaona kuna mwanafunzi mwingine aliyeongea na bawabu ili Petro aingizwe uani. Wengi husema ni huyu huyu. Basi aliyajua yote. Na Jumapili asubuhi Magdalena anawakuta wako pamoja, hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Yohane anafika. Anainama, anaona vitambaa. Haingii. Amekimbia njia yote hiyo, habari kubwa kuliko zote duniani iko hatua moja mbele yake, na anabaki mlangoni mpaka yule mwenye mzigo afike akihema. Injili haisemi alisubiri muda gani. Petro anaingia kwanza. Ndipo na yeye anaingia, anaona, anaamini. Wataalamu wanasema alimpa Petro heshima kama mkuu wa mitume, na mimi sina ubishi. Ila nadhani pia alijua Petro akifika atamtafuta mtu kwa macho.

Wengine wenu mna marafiki wa namna hiyo. Mlimaliza chuo pamoja, wewe ukapata kazi, yeye hajapata. Mlianza ukwaya pamoja, yeye sasa haonekani hata kanisani, na wewe ni mwenyekiti wa vijana. Sikuambii ujirudishe nyuma. Mimi nauliza tu, maana nilijiuliza mwenyewe: tangu ufike, umesimama wapi?

Jumanne wiki hii, kabla ya Noeli, tumefanya zoezi la mwisho. Goti la kaka Mkenya limegoma, kwa hiyo tarehe 31 yeye atapanda treni na mabegi yetu mpaka Soest. Nikamwambia dada kwamba mwaka huu sibanduki ubavuni kwake, kilomita zote kumi na tano. Akanikatalia! "Usinitembeze kama mgonjwa," alisema. "Mama nimeshamzika. Wewe kimbia saa yako, mimi nitakuja na Rozari yangu. Ila nikifika nikukute pale."

Anakadiria atafika kama robo saa baada yangu. Nimeshamwambia kaka asilipeleke koti lake mkahawani, anipe mimi nilishike.

Siku hiyo kwetu itakuwa mchana, nyumbani ni alasiri, mnajiandaa na Misa ya kufunga mwaka. Mtuombee barabara isiwe na barafu. Na mama yake mumsalie Salamu Maria moja.