Maharage ya Ijumaa

Miti ya msitu wa Kazimzumbwi, Kisarawe, imekatwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa. Ni rahisi kumhukumu mchomaji na kufunga mjadala. Lakini Mithali 18:13 hukemea kujibu kabla ya kusikia. Mchomaji akiacha, watoto wake watakula nini? Na mkaa wake hununuliwa na nani? Maharage ya Sabato, yanayochemshwa Ijumaa huko Kibaha kabla jua halijazama, humaliza mkaa kuliko wali. (Gesi ni nafuu kwa aliyeweza kununua mtungi.)

Wajane waliposahauliwa, mitume hawakuishia kutafuta wa kulaumiwa. Walibadili mpango wa ugawaji, wakasimika watu saba (Matendo 6:1-6).

Jadili: Darasa lenu lianzie wapi, msituni au jikoni? Mkaa wa chakula cha leo ulitoka wapi?