Jee, Nia Njema Yatosha?

Wengi wetu husema: maadamu nia ni njema, sadaka imetimia. Twauliza: imetimia kwa mtoaji, au kwa mwenye njaa?

Ramadhani ya mwaka 2011, ukame ulipoiunguza Turkana na mchango wa Kenyans for Kenya ukienea nchi nzima, nasi tulijitolea msikitini kupakia magunia ya mahindi makavu. Tukarudi kufuturu, nyoyo zimeturidhia. Hatukumuuliza mtu wa Lodwar kama ana maji na kuni za kuyachemsha.

Walitutangulia wenye mali zaidi. Huko Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson, Wanorwei walijenga kiwanda cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama ya kugandisha ikaishinda bei ya samaki, kiwanda kikafungwa; kisha ghuba yenyewe ikakauka. Nia yao hatuitilii shaka.

Basi ndugu zetu, nia humfaa mtoaji mbele ya Mola wake, lakini haimshibishi mwenye njaa. Na aliyeweza kuuliza asiulize, jee, nia yake ilikuwa safi kweli? Sisi twahofia kuwa siku ile tulijilisha wenyewe. Yatupasa tuulize kwanza, ndipo tufunge gunia.