Rangi Mbili na Hiari Moja

Mtu hupimwa kwa mambo makubwa, lakini aghalabu hujulikana kwa madogo. Jambo kubwa hutanguliwa na shauri, na shauri humzuia mtu asidhulumu. Jambo dogo hupita bila mlinzi. Basi na tuulize: vitu viwili vikikaribiana hata akili ishindwe kuvichagulia, ni nani mwenye haki ya kuchagua?

Swali hili lilinipata Litumbandyosi, wilayani Mbinga, nilipokwenda kuipaka rangi nyumba ya mama yangu. Fundi alipaka vipande viwili ukutani, kila kimoja kadiri ya sinia. Cha kwanza kilikuwa kijivu chenye kuelekea kahawia. Cha pili kahawia yenye kuelekea kijivu. Majina yote mawili ni ya nyumbani: moja limetoka katika majivu ya meko, la pili katika kahawa, zao la milima ya Mbinga. Asubuhi rangi zile zilitofautiana kidogo. Jioni zilikuwa pacha. Mimi nilitaka ya kwanza, mama ya pili.

Nilimtaka sababu. Akasema, "Mwanangu, naipenda tu." Niliona hiyo si hoja. Nikamweleza habari za Chevreul, mkemia wa Ufaransa, aliyeandika mwaka 1839 kwamba rangi hugeuka machoni kwa ajili ya jirani yake. Mama alinisikiliza, kisha akauliza, "Na wewe, yako waipendea nini?" Nilitafuta hoja moyoni, nikakuta fedha: rangi niliinunua mimi.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa mtu mwenye hamu mbele ya tende mbili zilizo sawa, naye hawezi kutwaa zote. Mtu huyo atatwaa moja, wala hatangoja sababu, kwani kazi ya hiari ni kupambanua kitu na mfano wake. Mfano ni mzuri, lakini mlaji wake yu peke yake. Sisi tulikuwa wawili. Akili inyamazapo, hubaki hiari. Na hiari mbili zikigongana, mwenye nguvu huivika yake joho la hoja.

Yamkini msomaji atasema kwamba atoaye ndiye achaguaye. Sikubali. Kitu kilichotolewa kimekwisha toka mkononi; abakiaye na amri juu yake hakutoa, amekopesha. Mimi ningeutazama ukuta ule siku chache za likizo. Mama angeamka nao kila siku. Kwangu tofauti ilikuwa ndogo. Kwake ilikuwa nyumba.

Kumbe mama alikwisha mwambia fundi apake niitakayo mimi. Upole wa namna hiyo hutudanganya kuwa tumeshinda kwa haki. Nilimrudisha fundi kwenye kopo la pili. Ukuta umekwisha kauka. Jioni siwezi kusema ni rangi ipi, lakini najua ni ya nani.