Kisichobebwa na Mchoro

Mhandisi mmoja kijana alihitaji antena bapa ya Wi-Fi, kipande cha shaba juu ya bodi ya saketi, ya kufanya kazi kwenye gigahezi 2.45. Aliichora kwa KiCad, programu ya kuchora bodi za saketi, akaitoa kama faili la DXF, kisha akaifungua katika programu ya kuiga mawimbi ya sumakuumeme ili aipime kabla ya kulipia kiwandani.

Kosa la kwanza lilijitangaza lenyewe. Programu ilisoma milimita kama inchi, na shaba yenye upana wa milimita 40 ikatokea na upana wa zaidi ya mita moja. Akarekebisha. La pili nalo halikujificha: njia ya kulishia antena ilikuwa na pengo jembamba pale inapoungana na shaba, halionekani mpaka ukuze picha, na karibu nguvu yote ikarudi ilikotoka. Akaziba. Hatari iliingia hapo hapo, kwa maoni yangu, maana mtu aliyekwisha kunasa makosa mawili ya wazi hujiona amekagua kila kitu.

DXF ya namna hii hubeba umbo la mchoro tu. Bodi ina unene gani, chini ya shaba kuna kihami gani, hayo hayamo. Programu ilijaza nafasi hiyo kwa kihami cha kazi yake ya zamani, bodi ya bei kubwa ambayo namba yake ya dielektriki ni 3.66, naye hakufungua ukurasa wa kihami. Alirefusha shaba kidogo kidogo hadi milimita 31.6, mstari wa grafu ya nguvu inayorudi ukazama barabara kwenye 2.45, akarudisha vipimo KiCad na kuagiza.

Kiwanda kilitengeneza kwa FR-4 ya milimita 1.6, bodi ya kawaida kwa anayeagiza kwa bei nafuu. Namba yake ni kama 4.4. Namba ikipanda, mawimbi hupungua kasi ndani ya bodi na antena ile ile hushuka masafa. Kipimio kilionyesha 2.24, wakati Wi-Fi hiyo huanzia 2.40. Ruta ilikuwa katika chumba kimoja na antena na bado mawasiliano yalikuwa hafifu.

Alipoandika 4.4 kwenye ukurasa ule, programu nayo ikatoa 2.24. Hesabu zake zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Zilihusu bodi nyingine.

Yapo mafaili yanayobeba maelezo ya tabaka za bodi pamoja na mchoro, kama ODB++ na IPC-2581, mradi mchoraji ameyajaza. Antena yake ya pili ina urefu wa karibu milimita 29. Safari hii, kabla ya kuchora, aliwauliza kiwandani FR-4 yao ni ya nani na namba yake ni ngapi kwenye masafa hayo, kwa sababu hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji.