Nani Mwenye Chombo?

Mtu anunuapo jembe hununua chuma na mpini, na pamoja na vitu hivyo hununua uwezo wa kulitumia jembe lake apendavyo. Mpini ukivunjika atakata mwingine msituni. Jirani akilihitaji atamwazima bila ya kuomba idhini ya mhunzi. Baiskeli ni vivyo hivyo: mtoto wa miaka kumi na miwili huipindua chini juu, akafungua gurudumu, akatazama jinsi mnyororo unavyovuta meno ya chuma, na akiharibu hapana wa kumkemea ila baba yake. Kwa mifano ya namna hii watu walijifunza maana ya kumiliki kitu. Kompyuta imekuja kutia shaka katika jambo tulilodhani limekwisha amuliwa.

Chuma cha kompyuta, kioo chake na nyaya zake ni mali ya aliyenunua. Walakini kompyuta isiyo na programu ni sanduku tu. Ndani yake hutakiwa programu moja kuu, msimamizi wa nyingine zote, ambayo hupokea herufi zinazopigwa, huweka maandishi mahali pa kuhifadhiwa, hugawa kumbukumbu baina ya kazi mbalimbali, na huiamuru printa ipige chapa. Programu hii huitwa mfumo wa uendeshaji. Unaotumika zaidi katika kompyuta za mezani na za kupakata ni Windows, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Alipaye fedha kwa ajili ya Windows hainunui programu yenyewe. Hupewa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti: asiwagawie wengine nakala, asiifumue kutazama ilivyoundwa, asiibadilishe. Maagizo yaliyoandikwa na waundaji, ambayo wataalamu huyaita msimbo, yamefichwa. Hali hii ni sawa na kununua nyumba ambayo chumba kimoja kimefungwa, ufunguo umebaki kwa muuzaji, na humo chumbani ndimo yanamopita mabomba yote ya maji.

Sisemi kwamba kampuni imekosa. Aliyetoa jasho ana haki ya kuuza kwa masharti, na mnunuzi ana haki ya kukataa. Swali langu ni juu ya mnunuzi: je, yampasa mtu kuweka kazi zake, barua zake na siri zake zote katika chombo asichoruhusiwa kukijua, maadamu kinamrahisishia kazi?

Swali hili lilinijia kwa njia ya aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilimkamata mwanafunzi wangu akinakili majibu ya mwenziwe katika mtihani. Nilimwita ofisini nikamhubiria kwa kirefu juu ya wizi wa jasho la mtu mwingine. Alisikiliza kwa adabu, kichwa chini. Kisha akainua macho, yakatua juu ya kompyuta yangu, ambayo pembeni mwa kioo ilikuwa ikionyesha onyo kwamba nakala ile ya Windows si halali. Akauliza kwa sauti ndogo, "Samahani, Mwalimu. Hiyo umeilipia?"

Sikuwa nimeilipia. Fundi mmoja wa mjini alinitilia kutoka katika diski aliyoinakili, kwa shilingi 500, kama alivyowatilia watu wengi wenye heshima zao. Nilimjibu kijana yule kwamba hayo hayamhusu, nikamruhusu aende. Kosa lake nimelisahau. Jibu langu sijalisahau.

Mtu aliye katika hali niliyokuwa nayo ana njia tatu. Aweza kulipa, na hiyo ni njia ya haki ikiwa fedha anazo. Aweza kuendelea kuiba na kujiambia kwamba kampuni ni tajiri, hoja ambayo kila mwizi wa kuku huijua. Au aweza kuacha kabisa kitu kile na kutumia programu ambazo waundaji wake wamezitoa kwa ridhaa yao. Hizo huitwa programu huria, na kisa cha kuanza kwake kinastahili kusimuliwa.

Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, alifanya kazi kijana mmoja mwandishi wa programu, jina lake Richard Stallman. Maabara ilipewa printa mpya ya kampuni ya Xerox, nzuri na ya haraka, ila karatasi zilikuwa zikikwama ndani yake. Printa ya zamani nayo ilikuwa na ila hiyo. Lakini kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, Stallman alikuwa ameongeza maagizo ili kila ikwamapo iwape habari watu wanaosubiri kazi zao, mmoja wao ainuke akaitengeneze. Alitaka kuifanyia hisani hiyo hiyo printa mpya. Msimbo haukuwako. Alimwendea msomi wa chuo kingine aliyekuwa nao, akamwomba nakala, akakataliwa. Msomi yule alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutompa mtu yeyote. Kilichomuudhi Stallman kilikuwa kuona kwamba msomi mmoja, kwa sahihi yake, alikuwa ameahidi kuwanyima msaada wasomi wenziwe wote, hata wale asiowajua.

Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa uendeshaji, uitwao GNU, ambao kila mtu atakuwa na ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Katika mwaka 1989 ilitoka leseni yake iliyo maarufu, na ndani yake mna hila njema: hutumia sheria ile ile ya hakimiliki kulinda ugawaji. Anayepokea programu na kuisambaza, yeye naye hana budi kuwapa wanaomfuata uhuru aliopewa. Katika mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kiini cha mfumo alichokiandika, kikaitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Kiini hicho kilipounganishwa na kazi za GNU ukapatikana mfumo kamili. Leo Linux huendesha kompyuta kubwa nyingi zinazotegemeza intaneti, na simu za Android zilizo mifukoni mwa vijana wetu zina kiini chake, ingawa simu nyingi kati ya hizo zimefungwa na watengenezaji kwa makufuli mengine.

Hapa hutokea pingamizi ambalo nisingependa kulipita kwa haraka, kwa kuwa lina nguvu. Msomaji aweza kusema: "Mimi siwezi kusoma msimbo. Kufunguliwa kwa chumba chenye vitabu vya lugha nisiyoijua kunanifaa nini? Kwangu mimi kilicho wazi na kilichofungwa ni mamoja." Mimi mwenyewe nilisema hivyo zamani. Tena historia humpa msemaji huyo ushahidi. Katika mwezi wa Aprili 2014 iligunduliwa kasoro kubwa, iliyopewa jina la Heartbleed, katika OpenSSL, programu huria ambayo hufumba mawasiliano ya intaneti yasisomwe na wapita njia. Kasoro ile ingeweza kumwaga siri za watu na maneno yao ya kuingilia. Ilikuwa imekaa humo kwa muda wa miaka miwili, mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Kila mtu aliruhusiwa kuiona, na kila mtu alidhani kwamba mwingine anatazama.

Basi uwazi si ulinzi. Huo ni udanganyifu ambao wapenzi wa programu huria wengine huusema, na afadhali tuukatae. Lakini litazame tukio jingine. Katika mwezi wa Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia katika kompyuta ya mbali kulichelewa kwa muda wa kama nusu sekunde kuliko ilivyozoeleka. Hakuwa ametumwa na mtu kuchunguza. Alifuata ule uchelewevu mpaka ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, akasoma, akakuta kwamba mtu aliyetumia miaka kujipatia uaminifu wa wenziwe alikuwa amepachika mlango wa siri, nao ulikuwa njiani kuenea katika kompyuta za dunia. Ulizibwa kabla haujafika mbali. La ajabu ni kwamba Freund alikuwa mwajiriwa wa Microsoft.

Mimi na wewe hatukumwomba Freund asome kwa niaba yetu, na yeye hakuomba ruhusa ya mtu ili asome. Nadhani hapo ndipo pingamizi linapojibiwa. Raia wengi hawaingii mahakamani kusikiliza kesi za watu wengine, wala hawajui sheria. Walakini mahakama iamuayo kwa mlango wazi na ile iamuayo kwa mlango uliofungwa si sawa, hata kwa yule ambaye katika maisha yake yote hatapita karibu na jengo lenyewe. Uhuru ambao sijui kuutumia waweza kunifaa kwa mkono wa mwenzangu anayejua.

Lugha yetu inao ushahidi wake. Katika mwaka 2004, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa programu ya kuandikia na kupigia hesabu, yenye menyu kwa Kiswahili. Iliitwa Jambo OpenOffice. Wafasiri wale hawakuhitaji kuthibitisha kwa mwenye mali kwamba Waswahili ni soko lenye faida. Mlango ulikuwa wazi, wakaingia. Microsoft nayo baadaye ilitia Kiswahili katika programu zake, na tuishukuru. Lakini siku ya kufanya hivyo iliichagua yenyewe.

Asidhani mtu kwamba kuhama ni kazi nyepesi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua katika mwaka 2003 kuhamisha kompyuta zake zipatazo 14,000 kutoka Windows hadi Linux. Mkuu wa Microsoft wa wakati ule, Steve Ballmer, alikwenda mwenyewe kuzungumza na meya, asifanikiwe. Kazi ilichukua miaka kumi hivi. Hati zilizoletwa kutoka nje zilivurugika mistari, programu nyingine za idara zilikataa kufanya kazi, makarani walilalamika; na katika mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Polisi wa gendarmerie wa Ufaransa, kwa upande wao, walihamisha makumi ya maelfu ya kompyuta zao hadi Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, wakadumu. Siwezi kusema kwamba Munich walikuwa wavivu na Wafaransa hodari. Walioshindwa na walioshinda waligundua jambo lile lile: miaka mingi ya kutumia kitu kimoja hujenga kuta, na kuta hizo hazionekani mpaka siku ya kutoka.

Nami nilizigundua zangu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 ilitaka kompyuta iwe na kifaa fulani cha usalama ambacho yangu haikuwa nacho. Kompyuta haikuwa mgonjwa. Ilikuwa ikiandika na kuhesabu kama siku zote, ila ilikuwa imehesabiwa miongoni mwa wazee na mtu aliye mbali. Basi nikaitia Ubuntu, kwa msaada wa mpwa wangu, Jumamosi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Printa ilinigomea wiki tatu. Nilitafuta vitu mahali vilipokuwa zamani nisivione, nikawa kama mtu aliyeamka gizani katika nyumba ya ugenini. Mara mbili nilitaka kurudi nilikotoka, na mara zote mbili nilikumbuka kwamba ili kurudi ningehitaji ama fedha nisizokuwa nazo ama yule fundi na diski yake.

Printa hufanya kazi sasa. Imebaki programu ya kujazia maksi za wanafunzi, ambayo hutakiwa na wakubwa wangu na ambayo haikubali kuendeshwa ila katika Windows. Kila mwisho wa muhula huziandika maksi zangu katika karatasi, nikaenda nazo ofisini kwa karani, nikamwomba kiti chake kwa muda wa saa moja. Kompyuta yake ina leseni halali. Niliuliza.