Ibada Haina Watazamaji

Nchini Laos, mashua za abiria huteremka mto Mekong kwa siku mbili kutoka Huay Xai hadi Luang Prabang, pole pole, zikipita vijiji na mahekalu ya Wabuddha. UNESCO iliutia mji wa Luang Prabang katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, na wageni wengi wanaofika huko hutaka kuona jambo moja hasa. Alfajiri, watawa wenye mavazi ya rangi ya machungwa hupita barabarani peku, mmoja nyuma ya mwenzake, na waumini waliopiga magoti huwatilia wali katika mabakuli yao. Mtawa hupata chakula cha siku, mtoaji hupata thawabu. Ng'ambo ya barabara husimama umati wenye kamera, hata imebidi yawekwe mabango ya kuwaomba wageni wasiwasogelee watawa, wasiwaguse, na wavae kwa heshima. Kaunti ya Kajiado, nchini Kenya, haina mto wa namna hiyo. Ina barabara ya Namanga, na van ya safari iendayo hifadhi ya wanyama ya Amboseli hufanya kazi ile ile ya mashua: humpitisha mgeni katikati ya maisha ya watu mpaka afike mahali alipoambiwa kwamba hapo ndipo mila ilipo. Swali nalo ni lile lile huku na huko. Je, yafaa mtu aende kuitazama ibada ya mwenzake kama atazamavyo twiga?

Tuanzie Kitengela, kwa maana mji huo una ushahidi ambao wengi huupita bila kuuona. Jumapili asubuhi, kuanzia kando ya barabara kuu mpaka ndani kabisa kwenye ploti zilizokatwa kutoka mashamba ya wafugaji, kuna makanisa ya mawe, ya mabati na ya hema, na spika zake zinashindana. Humo wamo wafanyakazi wa EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, na wa viwanda vya saruji, wamo Wakamba, Wakikuyu na Waluo, na yumo mzee wa Kimaasai aliyevaa suti, Biblia ya lugha yake mkononi. Watu wanaimba, wanalia, wanatoa sadaka, wagonjwa wanawekewa mikono. Hiyo ni ibada kamili, na milango iko wazi. Lakini van za safari hupita zikielekea Isinya, Kajiado mjini na Bissil, na si kawaida kabisa mgeni kumwambia dereva asimame. Laiti kilichowatoa wageni hao kwao kingekuwa hamu ya kumwona binadamu akisimama mbele ya Mungu wake, wangeshuka Kitengela. Hawashuki, kwa sababu ibada ya Kitengela inafanana mno na ya kwao. Wanachotafuta ni utofauti, na zaidi ya utofauti, ukale. Mzee yule yule akivua suti na kujifunga shuka nyekundu atapigwa picha mara mia.

Sasa tufuate van hadi mwisho wa safari yake. Karibu na malango ya Amboseli ziko manyatta zinazopokea wageni. Mgeni hulipa kiingilio, huimbiwa, huona vijana wakiruka, huingizwa ndani ya nyumba ya udongo na samadi, kisha hupelekwa kwenye shanga zilizotandazwa chini zikingoja mnunuzi. Katikati ya ziara hiyo vijana huonyesha jinsi ya kuwasha moto. Mmoja hushikilia chini kipande cha mti laini chenye tundu, mwenzake husokota ndani yake kijiti kigumu kwa viganja viwili, wakipokezana mikono ikichoka, mpaka unga mweusi uanze kutoa moshi. Hapo huumimina juu ya nyasi kavu na kupuliza. Wageni hupiga makofi. Vijiti vya namna hiyo hiyo vina kazi nyingine katika maisha ya Wamaasai. Rika jipya la morani linapoanzishwa, wazee wa rika la pili juu yao ndio wanaowawashia moto, na kwa moto huo huwa walezi wao. Huwaonya, huwasimamia, huwabariki, na laana yao huogopwa. Mkono ni ule ule, kijiti ni kile kile, moshi ni ule ule. Lakini moto wa wazee huwafunga watu wawajibikiane maisha yao yote, na ule wa kwenye ziara haumfungi yeyote hata kwa dakika tano.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa hoja ninayoitetea hapa. Ibada ni tendo linalomdai kila aliyepo. Anayepiga magoti kando ya barabara ya Luang Prabang ametoa wali wake. Mama anayemnyoa mwanawe nywele ndefu za umorani katika sherehe ya Eunoto anampoteza kijana na kumpata mtu mzima. Wanaoitikia baraka za wazee kwa kumtaja Enkai, Mungu wa Wamaasai, wamekubali kwamba maneno hayo yanawahusu. Katika ibada hakuna kiti cha mtazamaji. Kwa hiyo mtu anayefika akiwa hadaiwi chochote, zaidi ya kiingilio alicholipa, hajaiona ibada hata kama imefanyika mbele ya macho yake. Ameona miili ikitembea. Ubaya wake hauishii kwake, kwani uwepo wake unaweza kugeuza tendo lenyewe: mtawa anayepita katikati ya mianga ya kamera anaanza kuwa mwigizaji bila kutaka. Kutokana na hayo nadai mambo mawili. Mgeni ana haki ya kuikaribia ibada ya watu pale tu anapokubali kufungwa na jambo fulani ndani yake. Na wenye ibada lazima wawe na uwezo wa kweli wa kumkatalia, kwa sababu karibu isiyoweza kukatazwa si karibu.

Utaratibu huu unawezekana, na Kenya inao mfano. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini miaka kadhaa kabla ya hapo wazee wa Kaya Kinondo, kule Diani, walikuwa wamekwisha kuanza kupokea wageni kwa masharti yao. Anayeingia hujifunga kaniki nyeusi, hachukui kitu, hata jani, na kuna sehemu haruhusiwi kufika wala kupiga picha. Mtu anaweza kusema kaniki ni kitambaa tu. La, ni deni. Kwa kuivaa, mgeni amekiri kwamba amekanyaga mahali penye sheria isiyo yake na kwamba sheria hiyo inamshika hata yeye asiyeiamini. Wahenga wa pwani waliliona hili zamani waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa Waswahili haukukusudia kumwacha mgeni akae barazani akiwatazama wenyeji wakilima; ulikusudia kumwingiza katika maisha yao, na maisha yana kazi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye njaa, na ni zito. Kajiado ni nchi ya ukame. Ng'ombe wakifa, shanga na kiingilio cha manyatta hulipa karo na kununua unga. Nani ana haki ya kuwaambia akina mama hao wafunge milango kwa ajili ya usafi wa hoja? Hakuna, nami siwaambii. Manyatta ya wageni ni kazi halali kama kazi nyingine, na wanaoimba pale wanajua wanafanya onyesho. Kwa kweli onyesho lililotengwa linaweza kuilinda ibada, mradi mpaka kati yao ubaki wazi. Hatari huja fedha inapokuwa na nguvu ya kuvuka mpaka huo. Katika miaka ya 1990, Halmashauri ya Kaunti ya Narok ilitaka kuufanya msitu wa Naimina Enkiyio hifadhi ya utalii. Wamaasai wa Loita, ambao kwao msitu huo ni mahali pa matambiko, walipinga mpaka mahakamani. Hawakuwa matajiri wasiohitaji fedha. Walitambua kwamba msitu ukishakuwa mali ya watazamaji, wao watahitaji ruhusa ya kuomba ndani yake. Umaskini basi si sababu ya kuinyima jamii uwezo wa kukataa. Ndio unaoufanya uwezo huo uhitaji kulindwa zaidi, kwa kuwa mwenye njaa hukubali mambo ambayo mwenye shibe angeyakataa.

Pingamizi la pili linasema dini njema haina cha kuficha. Kanisa liko wazi kwa kila mtu, na mila inayofungwa ndiyo inayoficha maovu, ukiwemo ukeketaji. Sehemu ya kwanza ya hoja hii haisimami. Dini zilizo wazi kabisa zina milango pia: Makka haiingiwi na asiye Mwislamu, na katika misa ya Kikatoliki mgeni hukaribishwa kukaa na kusikiliza lakini hapokei Ekaristi. Hakuna anayesema kwamba dini hizo zina hila. Kwa nini basi mzee wa Kimaasai akisema hapa usifike aonekane mchoyo? Sehemu ya pili ina uzito zaidi. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya Kenya ya mwaka 2011, na hakuna heshima ya mila inayoweza kuuhalalisha. Lakini tuangalie nani amebadilisha mambo Kajiado. Nice Nailantei Leng'ete, aliyekimbia kukeketwa akiwa mtoto na ambaye mwaka 2018 aliingia katika orodha ya jarida la Time ya watu 100 wenye ushawishi duniani, alizungumza na wazee na morani wa Kimana mpaka wakakubali njia nyingine ya kumvusha msichana kuwa mwanamke. Yeye ni binti wa jamii ile, na jambo lile lilikuwa limemdai mwili wake. Haki ya kumkatalia mtazamaji haimkatalii raia anayedai haki yake, wala serikali inayotekeleza sheria. Mtazamaji mwenye kamera hajawahi kumwokoa mtoto yeyote kwa kutazama.

La tatu ni pingamizi la msomi. Wamaasai wengi leo ni Wakristo, kwa hiyo sherehe zao zimebaki utamaduni tu, na utamaduni ni mali ya wanadamu wote. Hata UNESCO mwaka 2018 iliziweka sherehe za Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hapa John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, anatusaidia. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba kwa Mwafrika dini haikutengwa na maisha: imo katika kuzaliwa, kulima, kuoa na kufa. Ikiwa ni hivyo, mtu hawezi kuchukua kisu, akakata upande wa utamaduni ampe mgeni na kumwachia mwenyeji upande wa dini. Mwezi wa Septemba 2020, maelfu ya wanaume walipokusanyika katika vilima vya Maparasha, Kajiado, kwa ajili ya Olng'esherr, wengi wao bila shaka walikuwa watu wanaojua njia ya kanisani. Walikwenda kwa sababu bila sherehe hiyo umorani haujafungwa na uzee haujaanza, na ukiikosa sherehe unakosa mahali pako katika baraza la rika lako. Orodha ya UNESCO inasema jambo hili lina thamani kwa dunia; haisemi kwamba dunia ina kiti pale.

Pingamizi hilo lina hatari nyingine inayoturudisha Kitengela. Mtazamaji anayelipia ukale hulipa ili usibadilike. Kijana akija na simu mkononi au suruali chini ya shuka, picha imeharibika. Lakini ibada iliyo hai hubadilika kila wakati: wazee hupanga sherehe wakiangalia kalenda ya shule, baraka hutolewa kwa maziwa ya kibuyu leo na maombi ya mchungaji kesho, na mtoto wa Bissil anayefanya kazi EPZ huomba likizo ili arudi kuketi na rika lake. Jamii isiyoweza kumkatalia mtazamaji mwishowe haiwezi kubadilika pia, maana kila badiliko linampunguzia mteja. Hivyo haki ya kufunga mlango ndiyo pia haki ya kukua, na anayedai kuipenda mila huku akiinyima haki hiyo anapenda sura yake tu.

Yanayofuata si magumu kuyatamka. Wazee na vikundi vya manyatta waamue wao ni lipi la kuonyesha na ni lipi la kufanya, na wanaopanga safari waache kuuza tarehe za sherehe ambazo hawakualikwa. Serikali ya Kaunti ya Kajiado isihesabu kila mkusanyiko wa morani kuwa kivutio. Naye mgeni, wa Ulaya au wa Nairobi, aulize swali moja kabla hajatoa simu mfukoni: mahali hapa pananidai nini? Akiambiwa avae kaniki, avae. Akiambiwa akae kimya na wengine, akae. Akiambiwa hapana, aondoke bila kudai kiingilio kirudishwe. Na akikuta kwamba hadaiwi chochote, ajue yuko kwenye onyesho, alipe bei ya onyesho, anunue shanga zake, na asiende kuwaambia watu kwao kwamba ameiona dini ya Wamaasai.